Bati Lililomchosha Mama

Ninakopanga hapa Mandewa, Singida mjini, mvua ya kwanza ikigonga bati lililochomwa na jua mchana kutwa, inatoka harufu ambayo sijui niiteje. Si ya vumbi peke yake. Ina chuma ndani yake, kama sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni kisha mtu akaimwagia maji. Wapangaji wenzangu wakisikia matone ya mwanzo hukimbilia nguo zao kwenye kamba. Mimi huyaacha maandazi kwenye karai nikasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa. Mama mwenye nyumba alishaniambia kwamba siku moja nitamuunguzia nyumba kwa sababu ya kunusa mvua. Labda. Lakini ninyi wa rika langu, mliozaliwa kwenye tembe na bati mkalikuta njiani, nadhani mtanielewa.

Kwetu ni Mtinko, kijijini. Tulikuwa tunaishi kwenye tembe la Bibi, mama yake Baba. Asiyelijua tembe nimwambie tu kwamba ni nyumba ya udongo, kuta nene, na paa lake ni bapa: boriti, fito, kisha udongo juu yake, mwingi, hadi majani yanaota. Juu ya paa letu Bibi alianika maboga, na mimi nilipanda huko kumtazama Baba akirudi. Ndani kulikuwa na giza la kahawia lenye harufu ya moshi na maziwa ya mgando. Mchana wa jua kali ukiingia humo, ngozi inakusisimka kwa ubaridi kama umeingia kisimani.

Tembe lilikuwa na kosa moja tu kwa upande wangu. Mvua ikinyesha husikii lolote. Udongo unainywa kimya kimya, halafu usiku wa manane tone la matope linakudondokea puani. Shuleni, watoto waliohamia kwenye mabati walitusimulia kwamba mvua ikipiga kwao lazima upige kelele ndipo mwenzako akusikie. Nikaitamani hiyo kelele kuliko viatu.

Wakati ule mambo yalikuwa yamefunguka. Watu wakisema ruksa, kila kitu ruksa. Malori ya wafanyabiashara yalianza kuingia hadi mashambani kununua alizeti, mitumba ikamwagwa mnadani kama pumba, na mabati ambayo zamani uliyasikia kwa wenye ndugu serikalini sasa yalisimamishwa mbele ya duka lolote mjini, yanang'aa mpaka ng'ombe wanashtuka. Mama na wanawake wenzake walikuwa na mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Mmoja anamimina mbegu zilizoanikwa, mwingine anavuta ule mpini mrefu juu na chini, mafuta yanatiririka mazito, ya njano. Mama alikuwa fundi wa mpini. Mtu mwembamba, Mnyiramba, wifi zake wakimtania kwamba Wanyiramba wana nguvu kwa sababu hawana akili ya kuchoka.

Kwa alizeti ya mwaka ule, Baba akajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, hatua chache tu kutoka tembe, na juu yake bati. Siku ya kupaua alikuja mpaka mwalimu wangu. Bibi ndiye peke yake aliyekataa kuhama. Alizunguka ile nyumba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaangalia juu.

"Mimi siwezi kulala chini ya sufuria," alisema, akarudi kwenye tembe lake.

Tukacheka. Sisi tukahamia.

Ilikuwa kiangazi kinaelekea mwisho, ule muda ambao Singida inakauka hadi mawe yanaonekana kama yana kiu. Saa sita mchana ndani ya nyumba mpya hapakaliki. Na bati lilikuwa linaongea: tik, kimya, tik-tik, kimya. Leo najua ni chuma kinatanuka kwa joto. Siku zile sikujua, na saa ile ile bati linapoanza kuongea ndipo Mama alipoanza kupungua. Nasema kupungua kwa sababu ndivyo nilivyoona. Asubuhi alikuwa Mama mzima, anafagia, anaimba. Jua likipanda, mguu wa kushoto unaanza kuburuta kandambili. Kikombe kinamponyoka. Anapangusa jicho kwa kanga, anapangusa tena, anasema kuna ukungu. Akitembea kwenda chooni, na alikwenda mara kwa mara, alishika ukuta kama mtu aliyetoka kilabuni. Kuna jirani alimuuliza Baba kama siku hizi mkewe anaonja pombe.

Nikajumlisha mwenyewe. Bati linamtafuna Mama. Ule mlio ni meno. Siku moja nilichukua mti wa kuswagia ng'ombe nikalipiga bati kwa chini, nikiliambia liache. Baba alikuja mbio akanipokonya ule mti, akauliza kama nataka kumtobolea nyumba hata mvua haijaionja. Sikumweleza. Ungeanzaje kumweleza mtu kwamba nyumba yake inakula?

Mama mwenyewe aligundua dawa yake bila kuambiwa. Akizidiwa, anavuka ua taratibu, anaingia kwenye tembe la Bibi, anajilaza kwenye ngozi ya ng'ombe. Bibi anampa maji ya mtungi. Jua likishainama, Mama anatoka kwa miguu yake miwili, anasonga ugali kama hakuna kilichotokea. Kesho yake tena vilevile.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanzo walisema ni uvivu, maana mgonjwa gani anaugua mchana na kupona jioni ugali ukiwa karibu. Uvivu ulipochosha kusemwa wakahamia kwenye jambo baya zaidi. Bibi kizee amekataa kuhama. Mkwe akiingia nyumba mpya anadhoofika, akirudi kwa bibi kizee anapona. Nani kamfunga? Watu hawakusema mbele yetu. Walinyamaza tu tukipita, na kule kwetu kunyamaza kwa namna ile kunajulikana. Mabibi vikongwe walishapoteza maisha kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Bibi, maskini, akaongeza kuni kwenye moto bila kujua. Alimpenda Mama. Aliona mwili umepoteza nguvu, akafanya anachokijua: alichemsha majani kwenye chungu, akamfunika Mama blanketi, akamfukiza. Mama alipofunuliwa alikuwa amelowa jasho na hawezi kusimama kabisa. Miguu ilikuwa kama si yake. Tulimbeba, mimi nikishika kandambili. Kabla ya jioni Mtinko yote ilijua kwamba bibi kizee kamfukiza mkwewe miguu ikakatika.

Habari zikavuka hadi Iramba, kwao Mama. Siku ya tatu akaja Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, mtu mrefu wa maneno machache aliyekuwa akinunua vitunguu na kuuza. Nilimwamkia shikamoo, akaniwekea kiganja kichwani akakisahau hapo. Alimwamkia Bibi pia, kwa heshima zote, akakataa maji aliyopewa naye. Nilikiona kile kikombe kikirudi kimejaa, na nikamwona Bibi akikipokea kwa mikono miwili.

Walikaa uani yeye na Baba. Mimi nilikuwa nachambua mchicha karibu, na mtoto anayechambua mchicha hakuna anayemwona. Mjomba alisema hakuja kugombana. Alisema walimpa Baba binti anayevuta mpini wa mashine kutwa nzima, na sasa amemkuta binti anashika kuta. Hamtaji mtu. Ila siku ya mnada kuna lori linarudi Iramba, na dada yake atakuwa juu ya hilo lori, na watoto watafuata baadaye kama itaonekana inafaa.

"Shemeji, unataka niseme nini?" Baba alimuuliza. "Yule ni mama yangu."

"Na huyu ni dada yangu," Mjomba akajibu.

Basi. Mchicha ukanishinda kuchambua. Nilijua siku ya mnada ni keshokutwa.

Kesho yake, jua lilipofika pale linapomtesa Mama, alivuka ua kama kawaida akaukuta mlango wa tembe umefungwa. Bibi hakuwahi kufunga mlango mchana tangu nizaliwe. Mama akabisha. Hakufunguliwa. Akaita. Bibi akajibu kutoka ndani, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, kwamba aende tu akapumzike kwake, kwamba yeye ana kazi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama. Nilifikiri Bibi amekasirika. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa, na zaidi ya kuogopa alikuwa anatuachia Mama: kama akionekana hamgusi tena, pengine hawatamchukua.

Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Hakuanguka kwa kishindo, alishuka tu kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Baba na Mjomba wakatoka mbio kwenye kivuli cha ghala. Mjomba alitaka kumnyanyua, Mama akamwambia amwache kwanza. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja, lakini alitaka yasikike hadi ndani.

"Mama, fungua. Jicho langu lilizima tukiwa humo kwako. Bati lilikuwa bado dukani."

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza, na kueleza kulimchosha. Misimu miwili nyuma, wakati wa kuvuna, jicho lake la kulia lilianza kuuma likigeuka, kisha likaingia ukungu hadi akawa haoni rangi ya alizeti. Alituambia sisi kwamba vumbi limemwingia. Likakaa hivyo mwezi na ushee, likarudi lenyewe. Msimu uliofuata vidole vya miguu vikafa ganzi, ganzi ikapanda mpaka kiunoni, nayo ikaondoka. Akasema si kitu.

"Mbona hukusema?" Mjomba aliuliza.

"Niseme nini? Alizeti ilikuwa shambani."

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa amechuchumaa, mikono imening'inia katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza sura yake haikuwa ya mtu aliyekuja kuchukua. Jicho lilizima kabla ya nyumba. Kabla ya kufukizwa. Kabla ya neno lolote la mtu yeyote. Ndipo komeo likasikika, na Bibi akafungua. Wakamwingiza Mama kwenye ubaridi wote watatu, na Mjomba alipopewa maji na Bibi safari hii aliyanywa mpaka chini.

Siku ya mnada lori la Iramba liliondoka na vitunguu tu. Sisi tulipanda gari la kwenda hospitali ya misheni, mbali, Mama na Baba na Mjomba, na mimi wa kumshika Mama mkono akienda chooni. Bahati tulimkuta daktari mgeni aliyekuja kwa muda, mtu wa mishipa ya fahamu. Hakuwa na haraka. Alimgonga Mama magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka hadi nikacheka, Mama naye akacheka. Alimkwaruza nyayo. Alimwambia ainamishe kichwa kidevu kiguse kifua, akauliza anasikia nini. Mama alisema anasikia kama msafara wa siafu umeshuka mgongoni wote kwa mpigo. Daktari akaacha kuandika, akamwangalia. Aliuliza habari za jicho. Akauliza habari za joto.

Halafu akatueleza, akitumia waya wa taa iliyokuwa mezani. Mishipa ya fahamu, alisema, ni kama nyaya, na kila waya una gamba lake la kuulinda. Mwilini tuna kinga ya kupigana na maradhi. Kwa Mama kinga hiyo imekosea adui. Inashambulia gamba la nyaya zake mwenyewe, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Penye jeraha habari hazipiti vizuri. Ndiyo maana leo ni jicho, kesho ni mguu.

Baba akaugusa ule waya. "Kama redio yangu," akasema. "Panya walikula gamba la waya, ikawa inakatakata."

Daktari akasema ndivyo hasa. Mimi nikaondoka na wazo kwamba ndani ya Mama kuna panya, na tuliporudi nyumbani nilihangaika wiki nzima kutafuta paka.

Alisema ugonjwa unaitwa multiple sclerosis, na wengi huuita MS. Kwa watu wetu haupatikani mara nyingi, kwa hiyo hata waganga wa zahanati huupita bila kuujua. Alisema yeye anashuku sana, lakini ili awe na hakika ingehitajika picha ya ubongo, na mashine hiyo huku kwetu haikuwepo. Picha ilikuja kupigwa miaka mingi baadaye, sisi watoto tukiwa tunajitegemea, nayo ikasema alichosema yule daktari kwa nyundo yake. Hauambukizi. Haukutumwa na mtu. Dawa ya kuumaliza hakuna. Kuna za kusaidia unapochachamaa. Utakuja na kuondoka, na kila ukiondoka unaweza kuchukua kitu kidogo cha mgonjwa.

Mjomba akauliza lile lililomleta: kwa nini nyumba mpya inamwangusha?

"Joto," daktari alisema. "Joto halileti ugonjwa huu. Linauonyesha tu. Waya uliojeruhiwa ukipata moto unagoma, ukipoa unafanya kazi tena."

Akaongeza kwamba asioge maji ya moto na asifukizwe, na akipata nyumba yenye ubaridi akae humo. Mjomba alivua kofia yake akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

Tulipofika nyumbani alimwendea Bibi moja kwa moja. Sikusikia alichomwambia, maana walikuwa ndani ya tembe na kuta zile hazitoi siri. Nilichokiona ni kwamba kabla ya kurudi kwao alipanda juu ya paa la Bibi, mtu mzima yule na shati lake la kwenda mjini, akaziba nyufa kwa udongo mbichi kabla ya masika. Bibi alisimama chini akimwelekeza, akimtania kwamba Mnyiramba ukimpa udongo atafikiri ni ugali.

Baba naye akafanya lililowachekesha watu. Alijenga chumba kati ya nyumba yetu na tembe, kuta nene, paa la udongo, chumba cha Mama. Waliokuwa na bati waliona kioja: wenzake wanatoka udongoni, yeye anarudi. Mmoja alimuuliza kama mabati yamekwisha madukani. Baba akajibu kwamba bati ni la alizeti, udongo ni wa mke, na kila mtu apange vitu vyake kwa thamani. Magunia ya alizeti yakahamia chumba cha katikati cha nyumba ya bati. Mpaka leo nikisikia mwanamume akijisifu kwamba anampenda mkewe, huwa namuuliza moyoni, paa gani.

Tukajifunza kuishi. Mama akawa anavuta mpini alfajiri, kanga mbichi kichwani, na jua likichungulia tu anaacha hata kama zimebaki mbegu za kikombe kimoja. Kupumzika kabla ya kuchoka ndiyo kazi iliyomshinda zaidi ya zote. Alikuwa anaona aibu kulala mchana huku akionekana mzima. Bibi alimwambia kulala kwake sasa ni sawa na kulima. Ugonjwa wenyewe tuliuita Emesi, kama jina la mgeni. Asubuhi Bibi akiuliza, "Emesi ameamkaje?" Mama akijibu, "Bado amelala, tusimwamshe," basi siku hiyo ilikuwa ya nyimbo. Siku nyingine alijibu kwamba ameamka kabla ya watu wote, tukajua ni siku ya kunyamaza na kumshika mkono. Zilikuwepo. Kuna mwaka Emesi alikaa miezi, akaondoka na nguvu za mguu wa kushoto, Mama akabaki na fimbo.

Lakini nataka kusema habari ya mvua.

Ilichelewa mwaka ule wa nyumba mpya. Ilipokuja, ilikuja alasiri, upepo kwanza, kisha matone mazito yaliyoacha mashimo vumbini. Mimi nilikimbilia chini ya bati. Ilikuwa kweli yote waliyosema shuleni, na zaidi. Nilipiga kelele nisijisikie, nikapiga tena. Ile harufu ya sufuria ikashuka, kisha ikaja hewa ya baridi, baridi kabisa, bati lote limepoa kama shavu la mtungi. Lilikuwa haliongei tena lugha yake ya meno.

Nikageuka. Mama alikuwa anakuja, amemshika Bibi, wamejifunika gunia moja. Waliingia wakaketi juu ya magunia ya alizeti. Mama aliangalia juu, akanyoosha mguu wa kushoto, akachezesha kidole gumba kumwonyesha Bibi kwamba kinatii. Bibi alikuwa hajawahi kuketi ndani ya nyumba ile. Alisema kitu, sikusikia. Nikasogeza sikio.

"Nimesema," alirudia, "kumbe sufuria lenu lina ngoma."

Tangu siku ile ikawa desturi. Jua ni la udongo, mvua ni ya bati. Mawingu yakikusanyika, Mama anasema tumpeleke nyumba kubwa.

Bibi alishatutoka, kwa uzee, kitandani kwake. Tembe lake mchwa waliligeuza kichuguu, likarudi ardhini lilikotoka. Chumba cha Mama kipo, Baba hukisiriba kila mwaka. Mama hatembei tena, na akiwekwa kitini huwa anauliza kwanza kama kuna wingu. Mimi nakaanga maandazi mjini na kuota nyumba yangu: bati juu, udongo chini ya bati, nipate vyote viwili. Fundi niliyemwuliza alicheka, akasema haijawahi kujengwa. Nikamwambia kwetu ilishajengwa, ila kwa vipande.

Jana mvua ilinikuta mlangoni, karai likilia nyuma yangu. Nikampigia Mama. Mtinko kulikuwa bado kukavu, jua linauma, amelazwa chumbani na kanga mbichi kifuani, ulimi mzito.

"Kwenu inanyesha?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi usiongee. Inua simu juu."

Nikapanda kwenye kigoda, nikaishikilia simu karibu na bati mpaka mkono ukafa ganzi.